Matone Matatu Katika Kijiko

Haipiti wiki siku hizi, katika miji ya mwambao na hata ya bara, ila mtu hupashwa habari ya mafuta mengine yanayootesha nywele: mara rosemari, mara karafuu, mara nanaa, mara mchanganyiko wa vyote hivyo pamoja na maji ya kitunguu, na kila mwenye kuileta habari hiyo hana budi kumtaja shangazi au jirani ambaye kichwa chake kilikuwa kitupu mwezi wa Rajabu, na ilipofika Mfungo Mosi kikawa chasukika. Simcheki mwenye kuzisadiki habari hizo. Nywele ni pambo ambalo mtu huliona kila ajitazamapo katika kioo, na mwanamke ambaye kila asubuhi huzikuta nywele zake zimebaki katika chanuo ana haki ya kushika lolote analoambiwa kuwa litamfaa. Lakini maadamu jambo lenyewe limetoka uani likaingia dukani, likawa na chupa, na lebo, na bei, na watu wa kulisifu kwa ujira, imekuwa wajibu lipimwe kwa mizani ile ile tunayoipimia biashara nyingine yoyote.

Rai yangu naitanguliza ili msomaji asitaabike kuitafuta. Mafuta ya kunukia si uzushi mtupu, kwa kuwa baadhi yake yamepata ithibati ya kiasi fulani mbele ya matabibu. Kwa mtu mzima anayejua kuyapima hayana madhara makubwa. Na kule kupakana mafuta nyumbani, mikononi mwa mtu wa jamaa, ni katika desturi njema tulizorithi. Ninachokihofia mimi ni muda. Mtu hupaka, akasubiri, akabadilisha chupa, akasubiri tena, na katika kusubiri huko maradhi ambayo yangezuilika hupata nafasi ya kuua mizizi ya nywele, zisiote tena maisha yake yote.

Watu wa mwambao hawakufundishwa mapenzi ya manukato na mgeni aliyekuja juzi. Bibi harusi wa Lamu, wa Mombasa na wa Unguja amesingwa kwa singo tangu enzi za mabibi wa mabibi zetu, nywele zake zikafukizwa udi na kutiwa asumini, na mrashi ukapitishwa kwa wageni barazani kabla ya kahawa. Huko Omani, katika Jabal Akhdar, mawaridi huchumwa mapema asubuhi yakapikwa ili mvuke wake ugeuke marashi. Na ndugu zetu wa Komoro wamekuwa miongoni mwa wakenekaji wakubwa wa maua ya mlangilangi duniani, ambayo mafuta yake husafirishwa kwa watengenezaji wa manukato wa Ulaya. Hata ilimu yenyewe ya kukeneka iliandikwa zamani katika nchi za Waarabu: mwanafalsafa Al-Kindi, katika karne ya tisa ya Miladi, aliacha kitabu kizima cha manukato na jinsi ya kuyakeneka. Kwa hiyo anayetuambia leo kwamba mafuta ya kunukia ni siri mpya iliyovumbuliwa ng'ambo, hilo moja tu latosha kututia shaka juu ya mengine atakayoyasema.

Kisiwani Pemba, hapo Wawi karibu na Chake Chake, kiko kiwanda kinachokeneka makonyo, vile vikonyo ambavyo mkulima huvitenga anapochambua karafuu zake. Makonyo hujazwa ndani ya tangi, mvuke wa maji ukapitishwa katikati yake, ukabeba mafuta yaliyojificha humo, ukateremka katika bomba lililopozwa, na mwisho wa bomba maji na mafuta yakaachana. Na hapo huonekana jambo la kupendeza, kwamba mafuta ya karafuu, kinyume cha mafuta mengi ya kunukia, hayaelei juu ya maji bali huzama chini, kwa kuwa ni mazito kuliko maji. Kilo 100 za makonyo hutoa kilo tano au sita za mafuta. Mawaridi ni bahili zaidi ya hayo: hutakiwa maelfu ya kilo za petali ili ipatikane kilo moja. Nataja hesabu hizi kwa makusudi, maana yule anayemimina kijiko kizima cha mafuta yaliyokenekwa juu ya utosi wa binti yake hafikirii kwamba amemimina nguvu ya kapu zima la mmea katika mahali pasipozidi upana wa kiganja.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo, kwa sababu fujo nyingi katika jambo hili huzaliwa hapo. Yako mafuta ya namna mbili yanayouzwa kwa jina moja. Ya kwanza ni yale ya nyumbani: karafuu kiganja kimoja, au majani ya rosemari, hurowekwa katika mafuta ya nazi, yakapashwa moto mdogo au yakaachwa juani siku kadhaa, kisha yakachujwa kwa kitambaa. Ya pili ni yale yaliyokenekwa, ambayo huuzwa katika kichupa cheusi cha mililita kumi chenye kitoneshi mdomoni. Nenda sokoni asubuhi mapema uitazame ile chupa ya plastiki ing'aayo, ambayo karafuu zimelala chini yake na kijiti cha rosemari kimesimama katikati: ukiona mafuta yameganda na kuwa meupe, na jua likipanda yakayeyuka, jua kwamba hayo ni nazi iliyotiwa harufu, nayo ni mafuta mapole ambayo mtu aweza kuyapaka kwa kijiko asidhurike. Yale ya kichupa cheusi hayajui upole huo. Karibu robo tatu yake au zaidi, kama ni ya karafuu, ni eujenoli, ile ile ambayo daktari wa meno huitumia kutia ganzi jino linalouma; na mtu aliyesikia kwa jirani kwamba "paka kijiko kimoja kila usiku", akakipima kijiko hicho kutoka katika kichupa kisicho chake, ataamka na ngozi iliyoungua, kisha aseme kwamba mafuta yalikuwa bandia, kumbe yalikuwa halisi kupita kiasi.

Ama ushahidi, upo, na inafaa usemwe kama ulivyo bila ya kuutia chumvi wala kuupunguza. Uchunguzi unaotajwa sana ulifanywa Aberdeen, huko Uskochi, ukachapishwa mwaka 1998. Watu wenye maradhi ya kunyonyoka nywele mabaka mabaka, ambayo huja kwa sababu kinga ya mwili imeigeukia mizizi ya nywele na kuihesabu kuwa adui, waligawanywa kwa kura mafungu mawili. Fungu la watu 43 walipaka kila siku mafuta ya zaatari, rosemari, lavenda na mwerezi, yaliyozimuliwa katika mafuta ya jojoba na ya mbegu za zabibu. Fungu la watu 41 walipaka mafuta hayo ya kuzimulia peke yake. Ilipotimia miezi saba, watu 19 wa fungu la kwanza, yaani asilimia 44, walionekana wamepata nafuu, ilhali katika fungu la pili walikuwa sita tu, yaani asilimia 15. Na kipimo kilikuwa nini? Matone matatu ya rosemari, matatu ya lavenda, mawili ya zaatari na mawili ya mwerezi, katika mafuta ya kuzimulia yapatayo mililita 23. Kumi tu kwa jumla! Wauzaji wetu, ambao hupenda kuutaja uchunguzi huo, hawapendi kukitaja kipimo hicho.

Uchunguzi wa pili ulifanywa Irani, ukachapishwa mwaka 2015, nao ulihusu upara wa kurithi wa wanaume, ambao sisi tulionao hatuna haja ya kuelezwa unavyoanza. Wanaume 100 waligawanywa nusu kwa nusu: hawa wakapewa rosemari, na hawa wakapewa minoksidili ya asilimia mbili, dawa ambayo awali ilikuwa ya vidonge vya shinikizo la damu, hata matabibu walipoona wagonjwa wao wanaota malaika ya mwili kupita kawaida wakaifikiria kichwani. Mwezi wa tatu hapakuonekana tofauti ya maana na siku ya kuanza. Mwezi wa sita nywele zilikuwa zimeongezeka katika mafungu yote mawili, na hapana fungu lililolishinda jingine, isipokuwa wa minoksidili walilalamika zaidi kuwashwa. Mwenye insafu atasema hapo kwamba halikuwapo fungu la tatu lisilopakwa kitu, la kulinganisha nalo. Na atasema pia kwamba miezi sita ni miezi sita, wala si zile siku saba zilizoandikwa juu ya chupa.

Wa tatu ni wa Korea, wa mwaka 2014, ambao mafuta ya nanaa ya asilimia tatu yaliotesha manyoya kwa wepesi wa ajabu katika wiki nne. Manyoya, nasema, kwa kuwa waliopakwa ni panya. Karafuu, ambayo kwetu ndiyo inayosifiwa kuliko zote, haimo katika uchunguzi wowote kati ya hizo tatu.

Basi kama ushahidi ni wa kiasi hicho, imekuwaje watu wengi, tena wakweli, waape kwamba mafuta yaliwaotesha nywele? Jawabu limo katika kalenda ya nywele zenyewe. Kichwa cha mtu kina nywele zipatazo laki moja, na kila mmoja una safari yake: hukua kwa miaka miwili hadi sita, kisha hupumzika miezi kama mitatu, kisha hudondoka na mwingine ukaanza mahali pale pale, ndiyo maana mtu mwenye siha kamili hupoteza nywele 50 hadi 100 kila siku wala asijue. Lakini mwili ukipatwa na kishindo, kama vile homa kali, au kujifungua, au kupasuliwa, au njaa, au msiba mzito, nywele nyingi huacha kukua kwa wakati mmoja zikaingia mapumzikoni, na baada ya miezi miwili au mitatu hudondoka kwa pamoja. Mama aliyejifungua mwezi wa kwanza hushtuka mwezi wa nne, wakati ameshasahau uchungu na mtoto ameanza kunenepa. Hapo ndipo anapotafuta mafuta, na kwa kuwa mizizi yake ni mizima, nywele huanza kurudi zenyewe katika miezi inayofuata, na mafuta yakachukua sifa ambayo ilikuwa haki ya maumbile. Hapana aliyedanganya katika hadithi hiyo. Yule shangazi wa Rajabu alisema kweli kuhusu alichokiona, ila kutoka Rajabu hadi Mfungo Mosi ni miezi mitatu, na nywele za mwanadamu hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwezi, tena hizi zetu zenye kujipinda hukua polepole kidogo kuliko hivyo. Kwa hiyo hapana mafuta duniani ambayo katika muda huo yangempa urefu wa shubiri.

Liko na jambo la pili linaloghilibu macho. Mwanamke asemapo "nywele zangu hazikui", mara nyingi zinakua kama za wenzake, lakini hukatika nchani kwa kadiri ile ile zinavyoota shinani, kwa sababu ya moto wa pasi, au dawa ya kunyoosha, au chanuo lipitalo juu ya nywele kavu. Unywele uliokwisha toka katika ngozi ni kitu kisicho na uhai, hauli wala haunywi. Kinachoweza kufanywa juu yake ni kuulinda usivunjike. Na hapo mafuta ya nazi, ambayo kila nyumba ya pwani inayo, yana daraja ambayo rosemari haina: uchunguzi uliofanywa na Wahindi na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba nazi hupenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha, jambo ambalo mafuta ya alizeti na mafuta ya madini hayakuliweza. Anayepaka mchanganyiko wa nazi na karafuu, akaona baada ya nusu mwaka nywele zimefika mabegani, humshukuru karafuu. Mimi ningemshukuru nazi.

Kwa wenye nia ya kuyatumia, na siwazuii, kipimo ni hiki. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya nazi, ambacho ni kama mililita 15, hutosha kichwa kimoja. Ndani yake tia matone matatu ya rosemari, au ya lavenda, au ya nanaa, na hiyo ni asilimia moja. Mwenye ngozi iliyokwisha zoea aweza kufika matone sita, na kupita hapo hakuna faida ila muwasho. Karafuu iliyokenekwa isizidi tone moja, na mwenye ngozi nyepesi aiache kabisa. Kabla ya kichwa, mchanganyiko huo upakwe kidogo ndani ya kiwiko na kuachwa siku mbili, ili kama ngozi inaukataa ikatae mahali ambapo si pa kuonekana.

Kisha tazama shangazi mzoefu anavyofanya kazi hii. Humkalisha binti juu ya mkeka, mgongo ukielekea magotini pake, akaupasua utosi kwa ncha ya chanuo mstari mmoja ulionyooka mpaka ngozi ionekane, akachovya kidole cha shahada katika kijiko na kukipitisha juu ya mstari ule kuanzia paji hadi kisogoni. Halafu huweka nyama za vidole, si kucha, akazizungusha taratibu hata ngozi yenyewe ikasogea juu ya mfupa. Akaulaza mstari huo, akafungua wa pili kando yake kwa upana wa kidole. Watu wa Aberdeen walikandwa dakika mbili tu, vichwa vikafungwa taulo la vuguvugu. Shangazi huchukua nusu saa na zaidi, na katika nusu saa hiyo husemwa mengi ya shule na ya ndoa ambayo hayasemeki mahali pengine. Lakini iko faida nyingine katika nusu saa hiyo, nayo kwangu ndiyo kubwa: macho yake yamepita juu ya kila mahali pa ngozi ile, mstari kwa mstari. Ameona kama pana wekundu, kama pana magamba, kama pana upele mdogo kando ya paji, kama pana mahali palipo laini kuliko penginepo. Mtu anayejimiminia mafuta mwenyewe mbele ya kioo, akasugua haraka na kufunga kilemba, hapati faida hiyo hata akinunua kichupa cha bei ya dhahabu.

Tahadhari chache haziachiki. Mafuta ya nanaa na ya mkaratusi yasipakwe karibu na pua ya mtoto mchanga, kwani yaweza kumziba pumzi. Mafuta ya karafuu yaliyokenekwa, yakimezwa na mtoto hata kwa kiasi cha kijiko kidogo, huweza kumharibu ini na kumtia degedege; kichupa hicho mahali pake ni kabatini palipo na kufuli, pamoja na dawa. Mja mzito amuulize mkunga wake kwanza. Mafuta yaliyokamuliwa katika maganda ya ndimu yakipakwa kisha mtu akatoka juani, huchoma ngozi na kuiachia madoa meusi. Lavenda iliyokaa miezi mingi katika chupa isiyofungwa barabara hugeuka kwa hewa na kuwa chanzo cha upele, hata kama harufu yake ingali nzuri. Na aliyetiwa dawa ya kunyoosha nywele ikamwunguza, asipake kitu chochote cha kunukia mpaka ngozi ifunge.

Sasa nirudi kwenye muda, ambao nilisema ndio hofu yangu. Kuna maradhi ya kichwa ambayo mafuta hayayawezi, na mwenyewe huyajui kwa kuyakisia. Mapunye ya watoto ni ukungu uliojificha ndani ya unywele wenyewe, na dawa yake humezwa kwa wiki kadhaa. Kupaka peke yake, kwa karafuu au kwa kitu kingine, huwaacha watoto wa madrasa nzima wakiambukizana. Mba nao una kioja chake: vijidudu vinavyouleta hula mafuta, hivyo mwenye mba mwingi anayezidisha kupaka ili autulize huwa anavilisha. Mwanamke aliyepungukiwa na damu, au ambaye tezi la shingo lake halifanyi kazi sawasawa, nywele zake zitapukutika mpaka damu ipimwe na sababu iondolewe. Na binti anayesukwa rasta nzito za kubana mpaka nyusi zikainuka, akirudia hivyo mwezi baada ya mwezi, atapoteza nywele za kando ya paji. Akilegeza mapema zitarudi, akichelewa hazirudi, na matone anayoyapaka usiku hayawezi kushindana na uzito unaovuta mchana kutwa.

Lakini lililo baya kuliko hayo yote ni maradhi yanayoanzia utosini kwa wanawake, hususan wa asili ya Kiafrika waliofika umri wa makamo, ambayo huacha kovu. Huanza kama duara dogo katikati ya kichwa, nywele zikawa chache na kukatika fupi; wengine huwashwa au huhisi kama moto, wengine hawahisi kitu. Duara hupanuka taratibu kuelekea pande zote, na ukilitazama kwa karibu utaona ngozi inang'aa na vile vitundu vidogo ambamo nywele hutokea vimefutika. Kitundu kilichofutika kimekuwa kovu. Tabibu wa ngozi aweza kukata kipande kidogo cha ngozi na kukipima, akatoa dawa za kuzuia moto ule usisambae. Aweza kuokoa kilichobaki, ila kilichokwisha potea hakipati mwenye kukirudisha. Fikiria basi mwanamke aliyeliona duara hilo likiwa na ukubwa wa sarafu, akaambiwa apake rosemari miezi sita, kisha karafuu miezi sita, kisha mchanganyiko wa mafuta saba miezi sita mingine, naye kwa subira na imani akafanya yote hayo. Hakuna tone lililomdhuru. Kilichomdhuru ni mwaka mmoja na nusu.

Matabibu wa ngozi kwetu ni wachache, nakiri, na si kila wilaya inaye. Hata hivyo kituo cha mafunzo ya maradhi ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa tangu miaka ya 1990 kikifundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika, na baadhi yao wanafanya kazi katika hospitali za mikoa. Nauli ya kumfuata mmoja wao mara moja aghalabu haizidi gharama ya chupa alizokwisha nunua mgonjwa.

Kuhusu wauzaji, sitaki wafukuzwe sokoni, maana wengi wao ni akina mama wanaosomesha watoto kwa chupa hizo. Nataka waandike. Kwa Tanzania Bara uangalizi wa vipodozi uko mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019, na lebo ya haki haihitaji maneno mengi: ni mmea gani, umerowekwa au umekenekwa, ni kiasi gani katika mafuta gani, yametengenezwa lini, na akina nani wasiyatumie. Pale penye ahadi ya "siku saba" pafutwe, kwa kuwa ahadi hiyo haina dalili mahali popote. Na kama serikali ya Zanzibar inataka kichupa cha Wawi kifike katika kila duka la Unguja na Pemba, jambo ambalo ningelifurahia, kitoke kikiwa kimekwisha zimuliwa, ili mwenye haraka asipate cha kujiunguzia.

Neno langu la mwisho ni kwa wasusi. Nyinyi ndio mnaoona utosi wa mwanamke kabla ya mumewe, na kabla ya mwenyewe, maana hana macho juu ya kichwa chake. Mnapasua mistari kichwani kwake kila wiki mbili au tatu, na mnajua tangu lini pale katikati palianza kupungua. Msimfiche kwa kusuka nywele zipitie juu yake, wala msimwuzie chupa kwanza. Mwambieni siku ile ile, na mumwombe aende hospitali kabla hamjamsuka tena.